Kamongo, Korongo na Ndoo ya Rangi

Wenzangu, leo aibu imenikuta nikiwa nimevaa taji.

Nitaeleza yote kwa utaratibu na sitajipendelea. Mnajua mimi huandika kila jioni kwenye daftari langu, na daftari halidanganywi. Leo nimeona niwaletee na nyinyi hapa kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine. (Mtaisikia tu. Mtaa wetu wa Obunga hauna siri, na darasa lilijaa watoto wenye midomo.)

Kwa wasionijua: mimi ni Mama Lavenda. Nauza mgongo wazi. Yaani samaki mbuta akishatolewa minofu kiwandani, minofu ikaenda Ulaya, kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia. Hicho ndicho changu. Nakikaanga hadi kinalia kwenye meno. Nimesoma hadi darasa la saba, muhula wa pili. Muhula wa tatu una hadithi yake.

Sasa mwezi uliopita Lavenda akaleta barua kutoka shule. Yuko Gredi ya Sita. Barua ilianza hivi: "Kwa Mtaalamu wa Samaki."

Nikageuza barua. Nikaangalia bahasha. Nikamwambia, "Lavenda, umebeba barua ya mtu."

"Ni yako, Mama."

"Mtaalamu ni nani hapa?"

Akaangalia sakafu. Akaangalia jiko. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Waliniuliza mama yako hufanya kazi gani, nikasema kazi ya samaki. Wakaniuliza ya ofisi? Nikanyamaza."

(Kwa haki: kunyamaza si kudanganya. Nimelifikiria sana jambo hili na bado naona hivyo.)

Lakini nilijua kwa nini alinyamaza. Mwaka juzi msichana mmoja alimwambia sweta yake inanuka mgongo wazi. Tangu siku hiyo Lavenda hajawahi kuniita shuleni. Siku ya wazazi husema haina maana. Siku ya michezo husema ilipita. Sikumlaumu, sweta ilinuka kweli. Ila sasa, kwa mara ya kwanza, mtoto wangu alikuwa amesimama mbele yangu akitaka niende. Hata kama alimtaka mtaalamu, aliyekuwepo ni mimi.

"Nitakuja," nikasema.

"Mama, tafadhali. Usifanye vitu."

"Vitu gani?"

"Vitu, Mama. Wewe unajua."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwanafunzi alinganishe viumbe wawili wasio na udugu wowote: uainishaji, makazi, na hali ya uhifadhi. Mzazi aje na kielelezo. Mwalimu wao, Madam Beryl, aliandika majina ya viumbe kwenye vikaratasi, watoto wakaokota. Lavenda akaokota kamongo na korongo taji.

"Uainishaji ni nini?" nikamuuliza.

"Ni kusema kiumbe ni wa ukoo gani."

"Si mmoja ni samaki na mwingine ni ndege? Tumemaliza."

"Mama."

Basi tukakaa wiki tatu tukiandika. Tulinunua karatasi ya manila, nikapiga mstari katikati kwa rula, upande huu kamongo, upande ule korongo. Mimi ni mtu wa kupenda haki. Wawili wakiwekwa mbele yangu, hakuna atakayepata kijiko kikubwa kuliko mwenzake. Kwa hiyo nilihesabu mistari. Korongo alikuwa na kumi na mmoja: ni ndege, ana taji la dhahabu kichwani, anaishi kwenye majani ya unyevunyevu na kulala mitini, hucheza ngoma, hukaa na mwenzake mmoja, na hali yake ni mbaya, yuko hatarini kutoweka kwa sababu vinamasi vinakaushwa. Kamongo alikuwa na minane tu: ni samaki, ni mrefu kama nyoka aliyenenepa, hukaa kwenye matope na mafunjo, kiangazi hujizika akalala, na orodha ya dunia ya uhifadhi inasema hayuko hatarini. Minane kwa kumi na mmoja! Nikaona ni uonevu. Nikamwongezea mitatu: "Ni mvumilivu. Hana makuu. Ni mpole."

(Huo wa mwisho niliubuni.)

Lavenda alikuwa amesoma mahali kitu kingine kuhusu kamongo, kirefu, akataka tukiandike. Nikakataa. Nikamwambia, "Hapana, kitachukua mistari miwili, kamongo atapita mwenzake." Akakaza macho lakini akakubali. Kumbukeni mimi ndiye niliyekataa.

Ikabaki kielelezo. Kamongo ananunuliwa, sawa. Korongo je? Huwezi kumshika korongo, ni kosa, na isitoshe utamtoa wapi? Nikiwa msichana kwetu Kombewa walikuwa wanakuja wawili wawili kwenye shamba la chini lenye maji, wananyanyua miguu kama wanaogopa kulowa, wanaruka, wanainamiana. Mama yangu aliacha jembe akaangalia. Nilipompigia ndugu yangu juzi kumuuliza kama bado wanakuja, akacheka: "Korongo? Hapa siku hizi ni mahindi."

Nikaumia kidogo. Nikasema, kama kamongo atakuja mwenyewe na korongo hawezi, basi lazima mtu amwakilishe. Nikachukua fagio jipya, nikachomoa njiti, nikazifunga kwenye kitambaa cha manjano, nikavaa mbele ya kioo. Zilisimama vizuri, zimetawanyika kama jua. Lavenda akaingia, akaniona, akatoka bila kuongea.

Nikamfuata. "Ni haki yake korongo!"

"Nimekuambia usifanye vitu," akajibu kutoka nje.

Leo sasa. Alfajiri nikaenda ufuo wa Dunga kwa Mzee Ogweno, mvuvi tunayefahamiana. Nilibeba ndoo kubwa ya rangi, ile nyeupe yenye kifuniko cha kubana. Niliisugua siku mbili.

"Mama Lavenda! Leo umekumbuka samaki wana nyama?"

"Nataka kamongo, Mzee. Akiwa hai."

"Wa kupika?"

"Wa kusomesha."

Akanitazama. "Kamongo asomeshwe nini?"

"Yeye ndiye atakayesomesha."

Akatingisha kichwa, akaingia nyuma ya mtumbwi, akarudi na gunia lililolowa. Ndani alikuwa kamongo. Wenzangu, mimi miaka yote hii nimeshika samaki, lakini wangu hunifikia bila nyama na bila maoni. Huyu alikuwa na maoni. Uso kama wa mjomba aliyeamshwa kabla ya wakati. Mapezi yake ni kama kamba nne za viatu. Nikampenda mara moja.

"Mbebe hivyo hivyo kwa gunia," Mzee akasema. "Ilowanishe tu. Maji nyingi hapana."

"Bila maji? Samaki?"

"Nakwambia. Gunia imetosha."

(Kwa haki: aliniambia mara mbili. Naandika hapa ili mtu asije akamlaumu.)

Lakini mimi nikajisemea moyoni, hawa wavuvi wana roho ngumu. Mtu anakaa na samaki miaka thelathini halafu anamnyima maji! Nikamshukuru, nikazunguka nyuma ya vibanda, nikajaza ndoo maji ya ziwa mpaka ukingoni. Nikamweka kamongo ndani. Akainua pua juu ya maji. Nikashusha kifuniko. Akainua pua tena, akagonga kifuniko. Nikamsukuma taratibu, nikamwambia, "Tulia baba, maji yapo ya kutosha." Nikabana. Paa!

Nikapanda boda. Ndoo nimeikumbatia mapajani, taji liko kwenye mfuko wa plastiki. Njiani ndoo ikaanza: ko! ko! ko!

Mwendesha boda akageuza shingo. "Mama, mzigo yako inabisha hodi."

"Ni samaki. Anafurahia safari."

Tulipofika Kondele akanyamaza.

"Amelala," nikasema.

Nikafika shuleni mapema, nimevaa gauni la kanisani, nimejipaka mafuta ya manukato mara tatu. Nikapewa kiti cha mbele pamoja na wazazi wengine. Aliyetangulia alikuwa baba mmoja kutoka Chuo Kikuu cha Maseno, mhadhiri, Madam Beryl alimtambulisha kama Daktari. Yeye na mwanawe walilinganisha mbu na mti wa mwembe. Walikuja na kompyuta. Picha zilitembea ukutani. Mbu alikuwa mkubwa kama mbwa. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga, ilikuwa kazi nzuri sana. Lakini nilihisi gauni langu linanibana.

Kisha: "Lavenda Akinyi na mzazi wake."

Tukasimama. Nikabandika manila. Lavenda akaanza kusoma. Wenzangu, mtoto anasoma! Sauti imenyooka, mkono nyuma, jicho kwa watu. Alipofika mwisho akavuta pumzi, akasema, "Sasa mama yangu, mtaalamu wa samaki, atawaonyesha vielelezo."

Nikavaa taji.

Darasa likaguna. Nikaona Lavenda amefumba macho. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na korongo alikuwa na haki yake, kwa hiyo nikanyanyua mguu mmoja, nikaruka kidogo, nikainama. Nikafanya mara mbili, si zaidi. Watoto wakapiga makofi! Msichana mmoja nyuma akasema, "Ai, mama ya Lavenda anajua." Nikamchungulia Lavenda. Alikuwa amefungua jicho moja, na upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa unacheka.

Natamani hadithi ingeishia hapo.

"Na sasa kamongo," nikasema kwa sauti niliyoifanyia mazoezi jikoni. "Tofauti na korongo, hali ya huyu ni nzuri. Hayuko hatarini."

Nikafungua kifuniko.

Kamongo alikuwa amesimama wima ndani ya maji, kichwa juu, mkia chini, kama soksi ndefu iliyoanguka kwenye beseni. Nikatingisha ndoo. Akatingishika na maji. Nikamgusa kwa kidole. Nikamgusa kwa vidole viwili.

"Amelala," nikatangaza. "Hawa hulala. Imeandikwa pale. Kiangazi hujizika, akalala miezi."

Mvulana wa mbele akainua mkono. "Lakini leo si kiangazi."

"Ni kweli."

"Na hiyo si matope."

"Ni kweli pia."

Akawaza. "Madam, kwa hivyo hali yake ya uhifadhi imebadilika?"

Wachache wakaanza kucheka. Jasho likanianza chini ya taji. Nikageuka kwa wazazi, nikamwona yule mhadhiri, nikamwita kwa uchungu wote nilionao, "Daktari! Tafadhali! Njoo umwangalie!"

Akasimama nusu. "Mama, mimi ni daktari wa uchumi."

"Hata hivyo!"

Kwa haki, alikuja. Alikunja mikono ya shati, akainama juu ya ndoo, akamtazama kamongo kwa muda mrefu. Halafu akasema kwa upole, "Mimi naona ameanguka kama shilingi, na hatapanda tena."

Nikafanya nini? Nikampigia Mzee Ogweno. Na hapa lazima niwaambie kitu kuhusu simu yangu. Ilianguka kwenye mafuta mwaka jana, tangu hapo haisikiki sikioni. Inaongea kwa spika peke yake. Mimi nimeshazoea, sikufikiria.

"Haloo Mama Lavenda!" Sauti ikajaa darasa. "Amesomesha?"

"Mzee, hasogei."

"Hasogei? Kamongo? Huyo hata ukimkata bado anakuangalia!"

"Hasogei kabisa, Mzee."

"Gunia imekauka?"

"Sikutumia gunia. Nilimweka kwa ndoo."

"Na maji kiasi gani?"

"Nilijaza." Sauti yangu ilikuwa inapungua. "Mpaka juu. Ili asiteseke."

"Na ukafunika?"

"Isimwagike."

Tulisikia upepo wa ziwa. Tulisikia injini ya boti ikipita. Darasa zima lilikuwa limeegemea mbele.

"Mama Lavenda," akasema polepole, "wewe umezamisha samaki."

"Nimefanya nini?"

"Huyo ni wa kupumua hewa kama wewe! Lazima aje juu avute pumzi! Si nilikwambia gunia? Umemfunika ndani ya maji amekufa maji! Yawa! Njooni! Njooni hapa! Kuna mtu amezamisha samaki!"

Tukasikia miguu ikikimbia kwenye mchanga. Sauti nyingine ikauliza, "Nani?"

"Si yule wa mgongo wazi wa Obunga! Mimi nilijua! Maisha yake yote ni mifupa tu, hajawahi kukutana na samaki mzima!"

Ufuo mzima wa Dunga ukacheka. Darasa likacheka. Watoto walipiga madawati. Daktari wa uchumi alivua miwani akaipangusa, halafu akaipangusa tena. Madam Beryl aligeukia ubao kama anayetafuta chaki, lakini mabega yake yalikuwa yanaruka. (Simlaumu. Alijitahidi kuliko wote.)

Na mimi nimesimama pale. Taji kichwani. Mkono mmoja ndani ya ndoo. Sikucheka na sikulia, niliangalia tu mahali pamoja. Lavenda alikuwa amerudi kwenye dawati lake, amelaza kichwa juu ya mikono, simwoni uso. Mgongo wazi wa Obunga. Imetamkwa kwa spika, mbele ya yule msichana wa sweta na mbele ya Maseno yote. Nikajua sitaitwa hapa tena. Nikajua na nyumbani nitakaa siku nyingi na mtoto anayejibu "ndiyo" na "hapana". Nikaanza kuvua taji, njiti ikashika nywele.

"Mwalimu."

Ni Lavenda. Amesimama. Macho mekundu, pua inavuja.

"Mwalimu, hatujamaliza."

Madam Beryl akageuka kutoka ubaoni, akajipangusa. "Endelea, Lavenda."

Akaja mbele. Hakuniangalia. Akasimama upande wangu wa ndoo, akawangoja wanyamaze. Alingoja sana. Mimi nisingeweza kungoja hivyo.

"Mama yangu si mtaalamu wa samaki," akasema. "Mimi ndiye nilinyamaza mkafikiri hivyo. Mama yangu anauza mgongo wazi. Nyuma ya soko la Obunga, kibanda cha tatu. Leo ni mara yake ya kwanza kushika kamongo, na amemtafuta kwa sababu yangu."

Hakuna aliyecheka.

"Sasa. Mmeona kamongo amekufa maji. Samaki kama ngege hawezi kufa maji. Mbuta hawezi. Kwa nini kamongo anaweza? Kwa sababu ana mapafu. Hilo ndilo jambo kubwa la uainishaji wake, na halipo kwenye chati, kwa sababu Mama alisema litampa mistari mingi kuliko korongo na si haki."

Wote wakanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Ni kweli nilisema.

"Na kuna lingine. Mwalimu alitupa viumbe wasio na udugu. Lakini nilisoma kwamba ukifuata ukoo nyuma, nyuma kabisa, kamongo yuko karibu na korongo kuliko alivyo karibu na ngege. Na yuko karibu na sisi."

"Kamongo na korongo?" daktari wa uchumi akauliza. Hakuwa anadharau, alitaka kujua.

"Ndiyo. Wametoka mbali sana kila mmoja. Lakini ni ukoo."

(Mimi mwenyewe bado nina shaka na hili. Ngege na kamongo wote wana mapezi, korongo ana manyoya. Lakini Madam Beryl alisema ni sawa, na yeye amesoma, mimi nimezamisha samaki.)

Hapo ndipo ndoo ikaongea. Kweli tuliruka wote! Kumbe ni simu. Nilikuwa nimeiweka kando ya ndoo bila kuikata.

"Huyo anaongea ni nani?" Mzee Ogweno akauliza.

"Ni mtoto wangu," nikasema.

"Mwambie arudie hiyo ya mapafu. Huku upepo mwingi, hawa wa nyuma hawajasikia."

Lavenda akashika simu. Akarudia yote tangu mwanzo, mapafu, ngege, korongo, ukoo. Tukawasikia kule ufuoni wakisema "Eee!" na "Kumbe!" Alipomaliza Mzee akakohoa.

"Nyathina," akamwambia, ndivyo tunavyomwita mtoto tunayempenda, "nani alisema hali yake ni nzuri?"

"Orodha ya dunia, Mzee."

"Orodha ya dunia haijakaa Dunga. Zamani tukitega tunapata mpaka tunawaachia. Siku hizi wamekata mafunjo, matope inakauka, ukipata mmoja unashukuru. Huyo mama yako amezamisha ndiye nimepata wiki hii. Andika hiyo."

"Niandike wapi?"

"Kwa karatasi yenu! Si mko na karatasi?"

Lavenda akageuka, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu kifuniko kifunguliwe. "Mama? Itakuwa mistari miwili zaidi."

Darasa zima likaningoja mimi. Wenzangu, nilipata shida kweli. Orodha inasema hivi na mvuvi anasema vile, na wote wawili wanastahili kusikilizwa, na korongo bado ana kumi na mmoja. Nikamwambia, "Andika. Weka 'kwa mujibu wa wavuvi'. Na ufute ile ya 'Ni mpole', hatuna ushahidi."

Akaandika kwa kalamu nyekundu, amepiga magoti. Simu ikakata yenyewe katikati ya Mzee akieleza habari za mafunjo.

Makofi yalianzia nyuma. Yule msichana wa sweta alikuwa wa tatu kuanza, nilihesabu.

Matokeo yalitolewa hapo hapo. Kwa Lavenda, Madam Beryl aliandika: "Amezidi matarajio." Chini yake kuna nafasi ya mchango wa mzazi. Aliiangalia kwa muda, akaniangalia mimi, akaandika: "Anakaribia matarajio." Nimeisoma mara nyingi leo na siwezi kuipinga.

Marehemu alichukuliwa na mpishi wa shule. Aliuliza tu, "Hii mnaizika?" akaenda naye jikoni. Kwetu ndivyo samaki wanavyozikwa.

Tulitoka mimi na Lavenda tukiwa na ndoo tupu. Getini watoto wakaanza kuita, "Mama Kamongo! Mama Kamongo!" Nikamwambia pole, jina hilo litashika.

"Limeshashika," akasema. Baadaye kidogo akauliza, "Ijumaa ijayo kuna siku ya wazazi. Utakuja?"

"Si ulisema siku ya wazazi haina maana?"

"Mama. Utakuja au hutakuja?"

"Nitakuja."

"Usifanye vitu," akasema. Halafu, tukiwa tayari tumevuka barabara: "Ile ya kuruka ilikuwa sawa, lakini."

Sasa amelala, manila imeegemezwa ukutani kwa sababu amekataa iviringishwe. Mimi nimemaliza daftari na nimemaliza kuwaandikia nyinyi. Somo nililopata ni moja: kabla hujamtendea mtu wema, muulize kwanza anapumulia wapi.

Na mkitaka kucheka, nichekeni mimi. Kamongo mwacheni, yeye hakukosea chochote.